Jina Lililoshonwa Shingoni

Baba Paroko, Shehe wetu, wazee wa pande zote, viongozi wa kata, walimu, majirani, na ninyi nyote mliotoka Marambo, Nambambo, Matambarale na Ruangwa kwa lori na kwa miguu, familia ya marehemu imemtuma mdogo wake, Andrea Linus Mnunduma, karani wa ghala la korosho, awasomee maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, si kama yalivyozungumzwa chini ya turubai hili tangu juzi, maana yamezungumzwa mengi, mengine kwa sauti ya juu kuliko inavyofaa mahali penye msiba, na msomaji anaomba radhi mapema kwamba naye atalazimika kuligusa jambo hilohilo, kwa sababu halikwepeki.

Marehemu Kornelia Linus Mnunduma alizaliwa tarehe 3 Machi 1937 kijijini Marambo, mtoto wa tatu wa mzee Linus Mnunduma na mama Felomena, ila wa kwanza kupona, wawili waliomtangulia wakiwa wamefariki kabla ya kuota meno, na ndiyo sababu mama yake alimlea kama yai na kumbatiza upesi. Mwaka 1948 mzee Linus alipata kibarua cha kung'oa visiki katika mashamba ya karanga ya Wazungu, familia ikahamia Nachingwea, karanga zikakataa kama wote mnavyojua, Wazungu wakaondoka na mitambo yao, lakini familia ikabaki, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuchimba choo na kupanda mikorosho.

Marehemu alianza shule ya misheni Marambo mwaka 1946, akamaliza darasa la nne hapa Nachingwea mwaka 1949, kisha akakaa kwa masista kuanzia 1950 hadi 1952 akijifunza kushona mavazi ya altare na sare za wanafunzi. Gauni lake la kwanza alimshonea mama yake mwaka 1951, likapinda, upande mmoja ukaning'inia, masista wakasema amekosea vipimo, akapima tena mara tatu akaona hajakosea, ndipo akamfuata mama yake shambani siku mbili mfululizo, hakulima, alikuwa akimtazama tu, hadi mama Felomena akauliza kama mtoto amerogwa. Siku ya pili akagundua kwamba mama huweka jembe bega la kulia akienda na bega lilelile akirudi, na kwa miaka yote ile bega limeshuka upana wa vidole viwili. Akafumua gauni, akalikata upya, bega moja chini ya jingine, likitundikwa msumarini lilionekana upogo, mama alipolivaa likamkaa sawasawa, na marehemu alikuwa akisema kwamba elimu yake ya ushonaji ilianza na kuishia siku ile.

Kazi alianza Februari 1955, katika baraza la duka la nguo la Mhindi mmoja hapa mjini, wakati ambapo mafundi cherehani wote wa mstari ule walikuwa wanaume, nao hawakumwachia hivihivi, walimficha sindano, walimwita Sista, walimtumia wateja wakorofi, lakini miaka ikapita, wakaanza kumletea wake zao. Mwaka 1972 mwenye duka alipohama nchi, marehemu alinunua cherehani yake ya mguu, na tarehe 1 Julai 1975 akafungua baraza lake mwenyewe, ambako mwaka uliofuata alijiunga naye Bi Zaina Amri wa Nambambo, aliyekuwa ametoka kwenye ndoa na hana pa kushika, wakafanya kazi pamoja miaka kumi na moja, mmoja Mkristo na mmoja Mwislamu, bila kugombana isipokuwa kuhusu radio.

Inafaa wale waliotoka mbali waelezwe namna yake ya kazi, kwa sababu ndiyo chimbuko la yote. Marehemu hakukubali kumpima mtu siku alipoleta kitambaa, alikipokea, akamwambia nenda nyumbani nitakuja, na kweli baada ya wiki au mwezi alikwenda, akakaa na mteja siku nzima, kama ni mwalimu atamtazama akiandika ubaoni, kama ni mkulima atamtazama akipalilia ufuta, akitwanga, akimfunga mtoto mgongoni, na wengi walichukia, mke wa mkubwa mmoja wa wilaya alimfukuza jikoni kwake, kisha akamfuata mwenyewe baada ya kuona gauni la jirani. Kwa mwendo huo alishona magauni kumi na manane kwa mwaka, mwaka mzuri ishirini, hakuwahi kushona mawili yanayofanana, na hakuyaandika jina popote, akisema anayelivaa anajua limetoka wapi.

Tarehe 12 Novemba 1960 marehemu alifunga ndoa na Mwalimu Modestus Komba, mwenyeji wa Songea aliyeletwa huku kikazi, mtu mpole aliyevaa suruali moja iliyopigwa pasi vizuri kuliko suruali tano za wengine, wakajaliwa watoto wawili, Justa, aliyezaliwa tarehe 30 Mei 1962, aliyeko hapa, na Sultani, aliyezaliwa 1965 akafariki kwa surua mwaka 1968. Mwalimu naye alifariki tarehe 19 Aprili 1976 baada ya kuugua tumbo wiki tatu, na tangu hapo marehemu alivaa magauni mawili tu ya kazini, akiyabadilishabadilisha, gauni lake la harusi akiwa amekwisha kulikata zamani kumshonea Justa nguo za kichanga.

Sasa msomaji anafika kwenye gauni lenyewe. Mwaka 1977 alikuja Bi Sabaha wa Matambarale, aliyeko pale mbele katikati ya kina mama wa Ruangwa, akiwa na kitenge cha sikukuu, na marehemu alikwenda kwake akakaa siku mbili badala ya moja, kwa sababu Bi Sabaha alikuwa na binti, Ashura, mtoto asiyeweza kutembea, ambaye kwa miaka tisa mama yake alimbeba ubavu wa kushoto, shambani, kisimani, ngomani, msibani, hadi bega lake la kushoto likashuka vidole vitatu kamili. Marehemu alimkatia gauni lenye bega la kushoto lililolala, akaupitisha mshono kwa mshazari kutoka shingoni hadi kiunoni ili mkono wa kubebea uwe huru, na mgongoni akaweka mikunjo minne, na wote waliomwona Bi Sabaha katika Idi ile wanakumbuka kwamba kwa mara ya kwanza alionekana mwanamke aliyesimama wima. Ashura alifariki mwaka 1980, Mungu amrehemu.

Kuanzia mwaka 1981, kama mnavyokumbuka, nguo ziliadimika, mtu alipanga foleni tangu alfajiri akarudi na yadi mbili za kaniki, wengine walizika wafu wao kwa magunia, na baraza la marehemu likakaa miezi minne bila kukata kitu, yeye na Zaina wakishona viraka. Ndipo alipokuja kutoka Lindi mfanyabiashara, ndugu Isihaka Mbaruku, ambaye yuko nasi hapa, mtu wa vibali na marobota, aliyewahi kuona gauni la Nachingwea kwenye harusi Dar es Salaam na kusikia wanawake wakiulizana fundi ni nani, akasema kwamba yeye ana vitambaa na marehemu ana jina, na mkono mtupu haulambwi, ampe gauni moja la mfano na ruhusa ya kulitumia jina, naye atamletea vitambaa vya kuendeshea baraza. Marehemu alisitasita wiki mbili, kisha akamwuliza mdogo wake, mwenye kujua karatasi, na mdogo wake, ambaye ndiye msomaji wa historia hii, akamwambia asiwe mjinga, jina halili wala halinywi, akakaa mezani kwake tarehe 11 Oktoba 1983 akaandika makubaliano kwa mwandiko wake mzuri, kwamba jina la Kornelia wa Nachingwea litakuwa la karakana atakayoifungua ndugu Mbaruku huko Lindi, kwa muda wote litakaposhonwa, dada akatia sahihi, na mwandishi akaisifu sahihi ile.

Gauni lililokamilika ndani ya nyumba siku ile lilikuwa moja tu, na halikuwa la marehemu. Lilikuwa la Bi Sabaha, aliyelileta litanuliwe kiuno, na ndugu Mbaruku aliahidi kulitazama mishono tu na kulirudisha baada ya wiki tatu, akalirudisha kweli, limekunjwa vizuri, ila Zaina alipoligeuza aliona tundu za sindano za pili kando ya zile za kwanza, maana yake lilikuwa limefumuliwa lote, likachorwa kwenye makaratasi magumu, kisha likashonwa tena. Marehemu aliliona hilo, akanyamaza, na katika maisha yake yote familia haijui kosa jingine alilolinyamazia.

Januari 1984 karakana ilianza Lindi ikiwa na cherehani kumi na nne, na kufika Juni magauni yalikuwa yamejaa masoko ya Lindi, Mtwara, Masasi na Ruangwa, kila moja lina lebo nyeupe shingoni, KORNELIA, NACHINGWEA, na kila moja lina bega la kushoto lililoshuka vidole vitatu. Wanawake waliyapenda, tuseme kweli, wakayaita bega chini, wasichana wakajifunza kutembea wameinamisha upande ili likae, hata mkulima wa Nambambo ambaye asingeweza kungoja mwaka mzima akapata na yeye kuvaa Kornelia, na binti wa marehemu, Justa, aliyeajiriwa karakanani kama msimamizi, anasema hadi leo, na ana haki ya kusema, kwamba mama yake alivika watu kumi na wanane kwa mwaka na karakana inavika elfu, na kwamba uzuri unaovaliwa na wachache wenye subira ni uchoyo. Zaina anajibu kwamba waliovikwa elfu wamevikwa mtu mmoja, na huyo mmoja hakuulizwa. Ndiyo kelele mlizozisikia tangu juzi, wala si ugomvi wa mali kama wengine walivyodhani.

Tarehe 17 Septemba 1984 Bi Sabaha alifika barazani kwa miguu akitokea Ruangwa mjini, ambako alikuwa amekuta sokoni wasichana saba wa bega chini wakicheka na kupimana nani kashuka zaidi, hakugomba, alikaa kwenye mkeka, akasema kwa Kimwera, kwa sababu kwa Kiswahili asingeliweza, kwamba bega lile alilipata kwa kumbeba mwanawe, na anataka kujua tu kwa nini fundi ameliuza. Zaina anasema marehemu aliendelea kukanyaga cherehani isiyo na kitambaa, na Bi Sabaha akanyanyuka akaenda zake bila kunywa maji aliyopewa.

Mwezi Januari 1985 marehemu na mdogo wake walipanda basi hadi Lindi, siku mbili njiani kwa ajili ya matope, kuomba lebo iondolewe, na mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndugu Mbaruku aliwapokea vizuri, akawapa viti, chai na mkate wa kumimina, akawatembeza kwenye mashine, akasikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia marehemu kwa upole kabisa, "Mama, kama shida ni bega la kushoto, nitaagiza washone na la kulia." Baadaye akatoa karatasi kabatini akaisoma, na msomaji wa historia hii alikaa pale akiusikiliza mwandiko wake mwenyewe ukimfunga dada yake, chai ikampoa mkononi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Waliporudi marehemu hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

Tangu hapo alikosa raha ya kazi. Watu walimletea magauni ya karakana yaliyowachubua shingo wakimwambia fundi umezeeka siku hizi, naye aliyarekebisha, moja moja, bila kueleza kwamba hayakuwa yake, akiwatazama kwanza wakitembea uani, na alipoulizwa na Zaina kwa nini hajitetei alisema jina ni lake, basi na aibu ni yake. Gauni lake la mwisho alilikata Machi 1986, hakulimaliza, mteja wake akalichukua hivyohivyo.

Mwezi Juni 1986 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi akipanda ukingo wa baraza, akatibiwa hapa wilayani, ikaonekana ni moyo, akapata nafuu, ukamrudia Mei mwaka huu, na tarehe 14 Julai akapelekwa hospitali ya misheni Ndanda, ambako alilazwa hadi mwisho, akihudumiwa na Justa na Zaina kwa zamu, wawili hao wakipokezana kiti bila kusemezana. Siku ya Alhamisi tarehe 20 Agosti alimwita mdogo wake, akasema mbele ya wote wawili kwamba hagombani tena na mtu, karakana iendelee kama ina wa kuwavalisha, ila anaomba jambo moja, asiingie kaburini akiwa na lebo ile. Jumamosi tarehe 22 Agosti 1987, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini, miezi mitano na siku kumi na tisa, akafariki.

Mwili ulifika jana alasiri, na leo asubuhi kina mama walipotaka kumvika, ndipo ilipobainika kwamba fundi hana gauni, yale mawili ya kazini yamekwisha kwapani, hayafai kumwingiza mtu kaburini. Jirani yake Biasha akaleta yadi nne za popelini nyeupe, Zaina akazitandaza, akashika mkasi tangu saa moja hadi saa tatu na nusu, hakukata, mwisho akauweka chini, akasema kwamba fundi hakuwahi kumfundisha kumkatia mtu ambaye hatanyanyua kitu tena.

Habari zilipotoka nje, wanawake mliovalishwa na marehemu mlikimbia majumbani na kwa wenyeji wenu mkaleta ya kwenu, magauni tisa, mengine ya miaka kumi, yamehifadhiwa na karafuu, na familia haitasahau wema huo, lakini yakajaribiwa moja baada ya jingine na hakuna lililomkubali, hili lilibana mkono, lile lilikataa kifua, kila moja likimngoja mwenyewe, na la tisa lilikuwa la Bi Sabaha, aliyelileta akiwa amelishika kwa mikono miwili, nalo halikupita. Bi Sabaha alilikunja tena, akambusu marehemu paji la uso, akatoka.

Justa alikuwa na gauni jipya la karakana, la bluu, alilompelekea mama yake hospitali, na ambalo mama aliliweka chini ya mto bila kulivaa. Wakalijaribu hilo. Likamwenea, kwa kuwa limekatwa limwenee mtu yeyote, na bega lililoshuka halikuonekana, kwa kuwa aliyelala hana bega la juu wala la chini. Hivyo ndivyo alivyovikwa, na msomaji ameagizwa asifiche.

Zaina akaomba wembe, Justa akakataa, akasema mama anatolewa jina lake mwenyewe siku ya kuzikwa, marehemu akiwa katikati yao, lakini agizo lilikuwa agizo, na Justa ndiye aliyekiinua kichwa cha mama yake akakishikilia, Zaina akaifumua lebo uzi mmoja mmoja asichane kitambaa, na wale waliokuwepo wanasema ilikuwa mara ya kwanza tangu Justa aende Lindi wanawake hao wawili kufanya kazi ya mikono pamoja. Hawajapatana. Justa atarudi karakanani, Zaina atabaki barazani, na nani kati yao anaubeba urithi wa marehemu, familia imekaa vikao viwili haikuafikiana, wala haitajifanya imeafikiana kwa sababu kuna wageni.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nachingwea na Ndanda waliomhangaikia, majirani mliochota maji na kupika, mafundi cherehani wa mjini mliofunga mabaraza yenu tangu jana, Waislamu mliosimama nasi kama damu moja, Bi Sabaha aliyekuja ilhali alikuwa na sababu ya kutokuja, na ndugu Isihaka Mbaruku, aliyetoa lori la kuleta waombolezaji pamoja na mbao za jeneza, shukrani hiyo ni ya kweli. Lebo iliyofumuliwa imo katika mfuko wa shati wa msomaji wa historia hii, na kwa kuwa, kwa mujibu wa karatasi aliyoiandika yeye mwenyewe, jina lililomo si la marehemu wala la familia yake, ndugu Mbaruku anaombwa kwa heshima, tukishamaliza kufukia, aje aichukue mali yake.

Dada Kornelia, umelala bila hiyo, kama ulivyoagiza. Pumzika kwa amani.